Akiba ya Uzeeni kwa Asiye na Mwajiri

Hapa Tanzania, mtu aliyeajiriwa hana uchaguzi mkubwa kuhusu pensheni. Kabla mshahara haujaingia benki, mwajiri huwa amekwisha kukata sehemu yake, ameongeza ya kwake na kuipeleka NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, au PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ikiwa ni mmoja wao, na mfanyakazi hulikumbuka jambo hilo pale tu anapoisoma hati ya mshahara au mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, unaporudi bungeni. Sisi tuliojiajiri tuna hali nyingine. Mchora ramani za nyumba kama mimi, seremala wa Keko, mshonaji wa Kariakoo, mama mwenye mgahawa Buguruni na hata daktari mwenye zahanati yake, wote hulazimika kuamua upya kila mwezi kama wataweka akiba, kiasi gani na wapi. Na kwa kuwa hakuna anayetukata, mwezi ambao hatukuweka kitu haututoi jasho hadi miaka ishirini baadaye.

Swali la wapi ndilo ninaloulizwa mara nyingi na mafundi ninaofanya nao kazi, na ndilo nitakaloliandikia hapa. Kwa kawaida huulizwa hivi: ni wapi panalipa zaidi? Kwa maoni yangu faida ni swali la tatu. Kabla yake mtu ajiulize fedha hiyo itamrudia kwa sura gani atakapozeeka, yaani kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo kila mwezi hadi siku ya kufa. Kisha ajiulize ni rahisi kiasi gani kuivunja akiba hiyo mwezi Januari, ada za shule zinapodaiwa na wateja hawapokei simu. Mahali panapolipa asilimia nyingi lakini panafunguka kwa kubonyeza simu mara mbili panaweza kumfikisha mtu uzeeni mikono mitupu, wakati mwenzake aliyeweka palipofungwa, kwa faida ndogo zaidi, ana chochote cha kushika.

Nina binamu aliyeko Marekani ambaye naye amejiajiri, na kwa muda amekuwa akinieleza jinsi wanavyosumbuka kuchagua kati ya akaunti zao za akiba ya uzeeni, yaani SEP-IRA, Solo 401(k) na zile za namna ya Roth. Nilipomsikiliza kwa makini niligundua kwamba sehemu kubwa ya mjadala wao ni kodi: ulipe kodi leo ili uzeeni uchukue fedha yako bila kukatwa, au uahirishe leo na ulipe wakati wa kuchukua. Kwa mfanyabiashara mdogo wa hapa ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 na anayekadiriwa kodi kwa kuangalia mauzo ghafi, hoja hiyo haina uzito, kwa sababu kodi yake hufuata mauzo, na akiweka akiba au asiweke, makadirio hayabadiliki. Ndiyo maana makala nyingi za intaneti kuhusu akiba ya uzeeni kwa waliojiajiri, hata zikiwa nzuri, hazitusaidii sana. Kwetu mzigo uko katika nidhamu, katika mfumuko wa bei, na katika kujua ni mlango upi unafungwa kweli.

Tuanze na NSSF, ambayo vijiweni husemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kuipigia hesabu. Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, ukichukua nafasi ya mfuko uliotangulia, NPF, uliokuwapo tangu 1964. NPF ulikuwa mfuko wa akiba tu: mtu aliweka, akarudishiwa alichoweka pamoja na riba, hesabu zikafungwa. NSSF ni hifadhi ya jamii, inayolipa kwa kanuni, na kanuni hiyo haiangalii kiasi ulichoweka peke yake. Mwaka 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, NSSF iliachiwa sekta binafsi pamoja na sekta isiyo rasmi, ambamo ndimo tulimo sisi. Aliyejiajiri anaweza kujisajili mwenyewe, akapewa namba ya uanachama, akachangia kwa simu, na wala halazimiki kufuata tarehe ya mwisho wa mwezi kama mwenye mshahara. Anaweza kulipa kwa wiki, kwa mwezi, au kwa msimu anapopata.

Namba ya kuikariri ni 180. Ili mtu alipwe pensheni ya uzee kila mwezi hadi afe, anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na awe amefikisha umri: miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Asiyefikisha miezi hiyo hupewa mkupuo maalumu na kuagwa. Sharti hili peke yake linawagawa watu kwa umri kuliko wengi wanavyotambua. Kijana wa miaka 28 ana nafasi ya kukosa miezi mingi na bado akafika. Mtu wa miaka 44 bado yumo, lakini hana tena mwaka wa kuuchezea. Anayeanza leo akiwa na miaka 52 bila mchango wowote wa nyuma atakamilisha miaka 15 akiwa na miaka 67, na kwa huyo sioni sababu ya kumsukuma aanze NSSF kwa lengo la pensheni. Fedha yake iende mahali pengine, ambako nitafika.

Watu wengi waliojiajiri, hata hivyo, hawaanzi na sifuri. Wengi wetu tuliwahi kuajiriwa kiwandani, hotelini, kwenye kampuni ya ulinzi au shule binafsi, na michango ya wakati ule bado inahesabika. Mimi nilifanya kazi kwa miaka saba katika kampuni ya ujenzi kabla ya kufungua ofisi yangu Sinza, kwa hiyo nilipokuja kujisajili kama mchangiaji wa hiari karibu nusu ya miezi 180 ilikuwa imekwisha kupatikana. Mtu mwenye historia ya namna hiyo akiiacha isimame kwa sababu tu hapendi foleni, anaacha nusu ya daraja imejengwa. Ajue pia kwamba fao la kujitoa, ambalo zamani lilimruhusu mtu aliyeacha kazi achukue michango yake yote, liliondolewa na mabadiliko ya sheria ya 2018 na mahali pake pakawekwa fao la upotevu wa ajira. Kwa hiyo wazo la kwenda kuchota kila kitu na kununua kiwanja, ambalo wazee wetu wengi walilitekeleza, halimo tena mkononi mwake.

Sasa kikokotoo, ambacho kimetajwa sana kwa hasira na mara chache kwa kalamu. Kwa kanuni zilizoanza Julai 2022, pensheni kamili ya mwaka hupatikana kwa kuchukua idadi ya miezi ya kuchangia, kuigawanya kwa 580, kisha kuzidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyokuwa bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Sehemu ya pensheni hiyo hubadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, na inayobaki hulipwa kila mwezi. Sehemu ya mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33 kwa wote mwaka 2022. Mwaka 2024 serikali iliipandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 chini ya kanuni za zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25, na kundi hili la pili ndilo la wanachama wa NSSF.

Tuchukue mtu ambaye kipato chake kinahesabiwa kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi, mchango wake ni asilimia 20, yaani shilingi 100,000, na amechangia kwa miaka 20 bila kipato hicho kubadilika. Miezi 240 ikigawanywa kwa 580 na kuzidishwa kwa milioni 6 za mwaka inatoa takriban shilingi 2,483,000 kwa mwaka. Mkupuo wake unakuwa karibu milioni 10.9, na pensheni ya kila mwezi takriban shilingi 134,000. Jumla ya alichoweka ni milioni 24. Ukiutoa mkupuo, kilichobaki katika mchango wake kinamrudia ndani ya miaka minane na miezi kadhaa ya pensheni; akistaafu na miaka 60, kuanzia 68 hivi anakula kilicho cha wenzake. Kwa ukoo wenye mababu wa miaka 85 hilo si jambo dogo, na kwa mtu anayeumwa tangu ujanani hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Kanuni hii imejengwa juu ya mshahara, na aliyejiajiri hana mshahara, kwa hiyo ofisini aulize kabla ya kusaini mchango wake utasomwa kuwa ni wa kipato gani, na aombe jibu kwa maandishi. Jambo la pili ni kwamba kanuni inayotazama miaka kumi ya mwisho humpendelea mtu ambaye kipato chake hupanda kadiri anavyozeeka kazini. Anayechangia kima cha chini tangu mwanzo hadi mwisho, eti kwa sababu ndicho kiwango kilichoandikwa kwenye kipeperushi, asitarajie pensheni ya kuendesha nyumba. Miaka ambayo biashara imeshika, watoto wamemaliza shule na mikopo imelipwa ndiyo miaka ya kuupandisha mchango.

Zaidi ya hesabu, NSSF ina vitu ambavyo akaunti ya faida haina. Pensheni ya ulemavu haimsubiri mtu afikishe miaka 60, na fundi anafahamu vizuri kwamba kustaafu kwake kutatangazwa na mgongo au macho na si na kalenda. Pensheni ya urithi humwendea mwenza na watoto. Kuna msaada wa mazishi, ambao kwa familia nyingi hapa mjini unaondoa daftari la michango ya dharura mlangoni. Mtu anayelinganisha NSSF na mfuko wa uwekezaji kwa asilimia peke yake anavisahau vyote hivyo, ingawa huenda akavihitaji mapema kuliko pensheni yenyewe.

Pamoja na hayo, asilimia zina haki ya kusikilizwa. Shilingi 100,000 ile ile ikiwekwa kila mwezi kwa miaka 20 mahali panapokua kwa asilimia 10 kwa mwaka, namba ninayoichukua kwa ajili ya hesabu tu na si ahadi ya mtu yeyote, itafikia karibu milioni 76. Ukiondoa mfumuko wa bei wa asilimia 4 kila mwaka, thamani yake kwa bei za leo ni kama milioni 35. Kwa karatasi, hii inaishinda pensheni ya shilingi 134,000 kwa mbali, na sipingani na vijana wanaonionyesha hesabu hiyo kwenye simu zao. Ninachowauliza ni kimoja: katika miaka 20 hiyo, umepanga kuuguliwa mara ngapi, kuoa mara ngapi, kujenga mara ngapi na kukopwa na ndugu mara ngapi? Hesabu ya milioni 76 inadhani kwamba hakuna shilingi iliyotoka. Inadhani pia kwamba siku ya kustaafu, mtu aliyeshika milioni 76 kwa mara ya kwanza maishani atazigawa vizuri kwa miaka ambayo hajui idadi yake.

Mahali pa kwanza watu wanapopafikiria kwa akiba ya namna hii ni UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako mtu hununua sehemu za mfuko ziitwazo vipande, na kwa sababu nzuri. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005, kipande kikiuzwa shilingi 70, na tangu hapo mifuko mingine imeongezeka: Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani. Kila mmoja una kazi yake, ingawa mazungumzo ya mtaani huichanganya yote kwa jina moja la vipande. Umoja una hisa za soko la Dar es Salaam pamoja na dhamana za serikali, kwa hiyo thamani ya kipande inaweza kuteremka mwaka ambao soko limelala, na kwa muda mrefu ndiko unakotegemea ukuaji. Ukwasi uko karibu zaidi na amana za benki na dhamana za muda mfupi. Haushtui, unaingia na kutoka ndani ya siku chache za kazi, na mimi huutumia kama chumba cha kupokea fedha kabla sijaamua iende wapi. Mfuko wa Hatifungani, ulioanza 2019, unampa mtu mwenye kiasi kidogo nafasi ya kushiriki katika hatifungani, yaani mikopo ya muda mrefu inayolipa riba, bila kusubiri afikishe kiwango cha kuingia mnadani. Jikimu hulipa gawio kwa vipindi, na umri wake sahihi, kwa maoni yangu, ni baada ya kustaafu na si kabla, kwa sababu kijana anayelipwa gawio hulila.

Wekeza Maisha ni wa pekee kwa kuwa ni mpango wa miaka kumi ulioambatana na bima. Kwa asiye na mwajiri anayetaka kufungwa mikono kidogo, mpango wa miaka kumi una maana kuliko akaunti isiyo na tarehe, na sijui kwa nini hauzungumzwi kama ule wa Ukwasi. Labda ni kwa sababu hauna namba ya kujivunia kila mwezi.

Siku hizi UTT si peke yao. Kuna Mfuko wa Faida wa Watumishi Housing na mifuko ya kampuni binafsi pia. Kigezo changu cha kwanza ni leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wakazi wa jiji hili wenye umri wa kutosha hawajaisahau DECI, mpango wa upatu ambako watu walitoa fedha, au kama walivyosema wenyewe walipanda mbegu, wakiahidiwa mavuno mazito hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2009, na kila miaka michache huzuka nyingine ikiwa imevaa jina jipya na programu ya simu. Anayekuahidi faida ya kila siku hazungumzi habari za uzeeni.

Kuna hatifungani zenyewe. Benki Kuu huzinadi kwa niaba ya serikali kwa vipindi vya kuanzia miaka 2 hadi 25, na mtu binafsi anaweza kushiriki kuanzia shilingi milioni 1 kwa kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, moja kwa moja kwenye akaunti. Mwaka 2021, hatifungani ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza, riba yake ilikuwa asilimia 15.95, mwaka uliofuata serikali ikaishusha hadi 12.56. Aliyeweka milioni 10 katika ile ya kwanza hupokea shilingi 797,500 kila baada ya miezi sita hadi mwaka 2046. Aliyechelewa na kununua ile ya pili hupokea 628,000. Tofauti hiyo inafundisha kwamba riba ya leo hulindwa kwa mtu aliyeishika tu, na kwamba anayesema hatifungani zinalipa asilimia kumi na tano aulizwe ni za mwaka gani.

Kwa aliyejiajiri, hatifungani ya muda mrefu ni kama pensheni aliyojitengenezea mwenyewe: malipo yanayojulikana, tarehe zinazojulikana, na mtaji unaorudi mwishoni. Lakini ina udhaifu ambao wauzaji hawausemi kwa sauti. Riba haipandi. Katika miaka ya karibuni mfumuko wa bei wa Tanzania umekuwa chini ya asilimia 5, na ndiyo maana asilimia 12 inaonekana nono. Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8, na katika miaka ya 1980 ulizunguka asilimia 30. Katika kipindi cha miaka 25 si uzushi kudhani kwamba mwaka mbaya utapita. Isitoshe, anayelazimika kuuza kabla ya muda, kwenye soko la upili ambako wawekezaji huuziana wenyewe kwa wenyewe, huuza kwa bei ya siku hiyo, na ikiwa riba mpya zimepanda bei ya hatifungani yake itakuwa imeshuka. Kwa hiyo siwashauri watu wa miaka 30 waweke kila kitu huko. Mtu wa miaka 52 niliyemtaja hapo juu, ambaye amekwisha kuikosa pensheni ya NSSF, ndiye ambaye hatifungani za miaka 15 au 20 zinamfaa hasa, kwa sababu zitamlipa miaka ile ile ambayo mikono yake itakuwa imepungua.

Nilimweleza haya seremala mmoja wa Keko ambaye tumefanya naye kazi nyingi. Akanisikiliza hadi mwisho, akafuta vumbi la mbao kwenye miwani, akasema, "Dada, mimi nina vyumba sita Chanika. Vipande vyako sijaviona, vyumba ninaviona." Simcheki. Kwa watu wengi wa Dar es Salaam pensheni ni kiwanja, kisha tofali, kisha chumba cha kupangisha kinacholipwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nyumba ina sifa moja ambayo hakuna akaunti inayoifikia: kodi hupanda pamoja na bei za vitu, kwa hiyo mfumuko wa bei hauitafuni. Tena ni ngumu kuivunja. Hakuna anayeuza ukuta ili alipe ada.

Ugumu huo huo ndio unaoigeuza kuwa shida baadaye. Mzee anayehitaji milioni 3 kwa ajili ya upasuaji hawezi kuuza chumba kimoja kati ya sita, na akiuza nyumba nzima kwa haraka dalali anaijua haraka yake. Vyumba vinataka bati jipya, choo kinajaa, mpangaji anahama na deni la maji, na mwenye nyumba wa miaka 75 hana nguvu ya kukimbizana naye. Sehemu kubwa ya viwanja vya pembezoni havina hati, na migogoro ya mipaka huwasubiri wenyewe wazeeke au wafe. Nilimwambia seremala asiache vyumba vyake, bali kodi ya chumba kimoja tu iwe inalipia NSSF yake moja kwa moja. Alikuwa na miaka 41 na michango michache ya zamani kutoka kiwanda kimoja cha samani. Hesabu ya miezi 180 bado ilikuwa upande wake. Hilo alilikubali kwa urahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu halikumtaka atoe fedha ya mfukoni.

Vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA na ndugu zake, nitavitaja kwa ufupi. Vinafaa kwa mtaji na kwa dharura, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vinatakiwa kusajiliwa. Lakini kikundi kinachovunja mzunguko na kugawana kila mwisho wa mwaka hakiwezi kuwa akiba ya uzeeni, hata kigawane vizuri namna gani. Hisa za kampuni zilizomo kwenye soko la Dar es Salaam nazo ni nzuri kwa anayezifuatilia. Asiyezifuatilia anazipata kupitia Umoja.

Mimi nimechagua hivi. Kila malipo ya mteja yanapoingia, kabla sijalipa kodi ya ofisi, asilimia 15 inakwenda Ukwasi. Sitengi kiasi cha mwezi kwa sababu sina mwezi. Nina kazi, na kuna miezi mitatu inayopita bila ramani hata moja na kisha wateja wanne wanakuja wiki moja. Kutoka Ukwasi nalipa NSSF kwa robo mwaka, kwa kiwango kilicho juu ya kima cha chini lakini kisichoniumiza, na lengo langu huko ni kuikamilisha ile miezi 180 na kuendelea hadi 60, nikipandisha mchango katika miaka kumi ya mwisho. Kinachobaki kinakwenda Umoja hadi nifikishe miaka 50, na kuanzia hapo nitakihamisha kidogo kidogo kwenye hatifungani, milioni moja moja, ili zisiive zote mwaka mmoja. Kama ningekuwa na uhakika wa nidhamu yangu, ningepunguza NSSF na kuongeza Umoja. Sina uhakika huo, na sijakutana na wengi waliojiajiri walio nao.

Mwingine anaweza kupanga tofauti na akawa sahihi. Mwenye mwenza aliyeajiriwa na mwenye pensheni tayari anaweza kubeba hatari zaidi upande wake. Mjane mwenye watoto wadogo, kinyume chake, aanze na NSSF hata kama faida inaonekana ndogo, kwa ajili ya pensheni ya urithi. Dereva wa bodaboda, kwa hali za barabara zetu, atazame zaidi ulemavu kuliko uzee.

Popote atakapochagua mtu, kuna kazi ya karatasi ambayo haipendezi kuisimulia lakini huamua kama fedha italipwa. Jina kwenye uanachama wa NSSF, akaunti ya vipande, akaunti ya benki na kitambulisho cha NIDA liwe moja, herufi kwa herufi. Anayeitwa Mohamedi huku na Mohammed kule arekebishe sasa, akiwa bado na nguvu za kupanga foleni. Wategemezi waandikwe upya kila mtoto anapozaliwa au ndoa inapobadilika. Taarifa ya michango iombwe angalau mara moja kwa mwaka na ilinganishwe na risiti za simu, na walioajiriwa zamani waangalie hasa kama mwajiri wa wakati ule alipeleka kila alichokata, kwa sababu miezi inayokosekana ni rahisi kuidai wakati kampuni ingali ipo na hati za mshahara hazijaliwa na mchwa.